Kupanda Madaraja ya Mbio za Pikipiki za Lami: Kutoka Pikipiki Ndogo hadi MotoGP

Mzazi anayemwingiza mtoto wake kwenye mbio za pikipiki za lami kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue pikipiki gani. Swali hilo lina nafasi yake, ila linatanguliwa na hesabu ya miaka. Tangu mwaka 2023 mlango wa mashindano ya dunia ya Grand Prix, yenye madaraja ya Moto3, Moto2 na MotoGP kutoka chini hadi juu, hufunguliwa kwa mwendeshaji aliyetimiza miaka 18, isipokuwa kwa wachache waliomaliza kwenye nafasi za juu kabisa za mashindano ya vijana, ambao huweza kuruhusiwa mapema kidogo. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka umri huo, mtoto wa miaka 8 ana miaka 10 mbele yake, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuigawa miaka hiyo ili kila daraja limfundishe jambo ambalo daraja linalofuata halitakuwa na nafasi ya kumfundisha.

Zamani hesabu hiyo ilikuwa fupi zaidi. Marc Márquez aliingia Grand Prix mwaka 2008 akiwa na miaka 15, na mwaka 2015 Fabio Quartararo, aliyekuwa ametwaa mara mbili mfululizo ubingwa wa Moto3 wa CEV, mashindano ya vijana ya wakati huo, alianza mashindano ya dunia kabla hajatimiza miaka 16 baada ya kanuni ya umri kurekebishwa. Vijana hao walikuwa na kipaji kisicho cha kawaida, lakini familia nyingi ziliwachukua kama kipimo, na watoto wakaanza kusukumwa juu kabla ya wakati. Kisha ukaja mwaka 2021, ambapo vijana watatu, wa miaka 14, 15 na 19, walipoteza maisha kutokana na ajali kwenye viwanja vya Aragón, Jerez na Mugello. Baada ya hapo umri wa chini ulipandishwa katika mashindano ya vijana na ya dunia, na idadi ya waendeshaji kwenye gridi za madaraja ya chini ikapunguzwa. Wapo wanaoiona kanuni hiyo kuwa kikwazo kwa wenye vipaji. Kwa maoni yangu imewapa vijana kitu ambacho hakuna mdhamini anayeweza kukinunua, yaani muda, na mwendeshaji mwenye busara huutumia wote.

Miaka ya pikipiki ndogo

Mahali pa kuanzia ni pikipiki ndogo za mbio zinazokimbizwa kwenye njia za gokati. Njia hizo ni fupi, kona zake zimefuatana, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba mtoto akianguka mara nyingi huteleza mita chache, huinuka, hujipangusa na kurudi kwenye pikipiki yake. Katika dakika 15 atakuwa amepita kona nyingi kuliko anazopita mwendeshaji wa pikipiki kubwa kwa muda uleule kwenye uwanja wenye njia ya kilomita nne au tano, na ufundi wa kona hujengeka kwa kurudia. Tangu mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, limekuwa na mfululizo wa MiniGP, ambamo watoto wa miaka 10 hadi 14 hushindana kwa pikipiki za Ohvale za cc 160 zinazofanana, na waliofanya vizuri katika nchi na kanda zao hukutana kwenye fainali ya dunia. Palipo na mfululizo wa namna hiyo, mwingize mtoto humo badala ya kuhangaika kumtengenezea pikipiki yenye nguvu kuliko za wenzake, kwa sababu ushindi wa injini haumwelezi mtu yeyote kama mtoto anajua kuendesha.

Jambo la kwanza la kufundishwa katika umri huu ni kuachia breki. Kuibana ni rahisi, na kila mtoto hujua. Weka koni mbili kabla ya kona moja, ya kwanza mahali anapoanza kushika breki na ya pili mahali anapoanza kuilaza pikipiki, kisha simama pembeni uangalie shokapu za mbele. Mtoto anayeanza hubana breki kwa nguvu, hufika kwenye koni ya pili, kisha huachia vidole kwa mara moja ili ageuke. Shokapu zilizokuwa zimebonyea hufyatuka juu, uzito hulihama tairi la mbele wakati ule ule linapouhitaji ili lishike lami, na pikipiki husukumwa nje ya kona. Baada ya miezi ya mazoezi utaona tofauti kwa macho: vidole vinalegea polepole kadiri pikipiki inavyolala, shokapu zinabaki zimebonyea, na breki inaisha karibu na kitovu cha kona, ambapo goti linakuwa limeshagusa lami. Mtoto huyo atakuwa amepunguza sekunde nzima bila kuongeza nguvu hata kidogo kwenye injini.

Pamoja na lami, mtafutie njia ya vumbi ya duara. Waendeshaji wengi wa MotoGP hufanya mazoezi kwenye udongo, na Valentino Rossi alijenga njia yake ya vumbi karibu na Tavullia nchini Italia, ambako vijana wa akademi yake, akiwamo Francesco Bagnaia, wamekuwa wakifanya mazoezi pamoja. Udongo humzoeza mtu kuhisi tairi la nyuma likiteleza na kubaki mtulivu, na huo ni utulivu ambao haufundishiki kwa urahisi kwenye lami, kwa kuwa huko tairi likikutoka ghafla huwa huna nafasi ya kutafakari.

Leseni, bendera na mavazi

Mashindano rasmi huhitaji leseni ya shirikisho la pikipiki la nchi lililo mwanachama wa FIM, uchunguzi wa daktari, na kwa anayekwenda kushindana nje ya nchi yake, kibali cha kuanza kinachotolewa na shirikisho lake. Shughulikia karatasi hizi mapema, kwa sababu msimu hausubiri muhuri. Kanuni za umri na za vifaa hubadilika mara kwa mara, hivyo soma toleo la mwaka husika kila msimu.

Bendera zifahamike hadi mtoto azitambue bila kufikiri. Njano inayopungwa humaanisha kuna hatari mbele na hairuhusiwi kumpita mtu, nyekundu husimamisha kila kitu, na nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, ikionyeshwa pamoja na namba yako, humaanisha pikipiki yako ina hitilafu na unapaswa kutoka njiani. Hiyo ya mwisho ndiyo vijana huisahau zaidi, na inawahusu wote walio nyuma yako, kwa sababu oili inayovuja kwenye pikipiki yako huwaangusha wao.

Kuhusu mavazi nitasema machache. Bajeti ikibana, punguza kwenye injini kabla hujagusa kofia, suti ya ngozi, kinga ya mgongo na mfuko wa hewa unaojifungua ndani ya suti, ambao umekuwa wa lazima katika Grand Prix tangu mwaka 2018. Kofia iliyogongwa kwa nguvu katika ajali imemaliza kazi yake hata kama rangi yake bado inang'aa.

Njia mbili zinazoachana

Mtoto akikaribia miaka ya kati ya ujana, njia hugawanyika. Ya kwanza hupitia pikipiki zilizoundwa kwa mbio tu, na huelekea Moto3. Ya pili hupitia pikipiki zinazotokana na zile zinazouzwa madukani, na huelekea mashindano ya dunia ya Superbike.

Katika njia ya kwanza kuna vikombe vya kukuza vipaji, vilivyojulikana kwa majina haya hadi mwaka 2025: Asia Talent Cup ulioanza mwaka 2014, European Talent Cup, British Talent Cup na Northern Talent Cup. Juu yao kuna Red Bull MotoGP Rookies Cup, ulioanza mwaka 2007, ambamo vijana wote hutumia pikipiki za KTM zinazofanana na kushindana katika baadhi ya wikendi za Grand Prix za Ulaya. Jorge Martín, Pedro Acosta na Brad Binder wa Afrika Kusini wote walipita hapo. Somkiat Chantra alitwaa Asia Talent Cup mwaka 2016, na mwaka 2025 akawa Mthailandi wa kwanza kupata nafasi ya kudumu katika MotoGP. Ubora wa vikombe hivi ni kwamba pikipiki ni moja kwa wote, hivyo anayekuwa mbele anaonekana yeye mwenyewe.

Kuingia humo hupitia siku za uteuzi. Vijana hufika wengi, hupewa pikipiki wasizozizoea na mizunguko michache, na wateuzi hukaa pembezoni mwa njia wakitazama. Kosa la kawaida ni kwenda na nia ya kuweka muda wa haraka katika kipindi cha kwanza, likifuatwa na kuanguka katika kipindi cha pili. Saa ni sehemu tu ya kinachoangaliwa. Anayetazama hutaka kuona kijana anayeboresha kila anapotoka, anayebadilisha mstari wake baada ya kuelekezwa, na anayempita mwenzake bila kumgonga. Nenda ukiwa umeshazoea gia za pikipiki kubwa na urefu wake, maana aliyetoka moja kwa moja kwenye pikipiki ndogo hupoteza nusu ya siku akijifunza mahali pa kuweka miguu.

Njia ya pili mara nyingi ni rahisi zaidi kuipata, kwa kuwa mashindano ya pikipiki za madukani yapo katika nchi nyingi na vipuri vyake hupatikana. Daraja la Supersport 300 lilikuwapo katika mashindano ya dunia ya Superbike kuanzia mwaka 2017, na humo ndimo Ana Carrasco alipokuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio za lami za mtu mmoja, mwaka 2018. Kuanzia mwaka 2026 nafasi yake imechukuliwa na daraja la Sportbike, na juu yake kuna Supersport na Superbike yenyewe. Wapo wanaoidharau njia hii wakidhani haimfikishi mtu MotoGP. Toprak Razgatlioglu alitwaa ubingwa wa Ulaya wa Superstock 600, daraja la pikipiki za madukani, mwaka 2015 na wa dunia wa Superbike miaka ya 2021, 2024 na 2025, kisha akapewa nafasi ya MotoGP kwa msimu wa 2026. Kijana mrefu au mwenye mwili mkubwa aitazame njia hii mapema, kwa sababu ya nitakayoyaeleza kuhusu Moto3.

Kutoka JuniorGP hadi Moto3

JuniorGP, iliyochukua nafasi ya mashindano ya zamani ya CEV, ndiyo hatua ya mwisho kabla ya dunia. Pikipiki ni za Moto3: injini ya silinda moja, cc 250, daraja lililochukua nafasi ya cc 125 mwaka 2012. Kanuni huweka uzito wa chini wa kilo 152 kwa pikipiki na mwendeshaji wakipimwa pamoja, na maana yake ni kwamba mwepesi huongezewa chuma na mzito hubeba mwili wake mwenyewe. Hapo ndipo vijana huanza kujinyima chakula. Jambo hili lisimamiwe na mtaalamu wa lishe na mzazi asiyeona haya kuuliza, kwa kuwa mwili unaokua ukikoseshwa chakula hupoteza nguvu na umakini katika mizunguko ya mwisho, wakati ambao makosa yana gharama kubwa zaidi.

Katika madaraja haya nguvu ya injini ni ndogo na upepo ni adui mkubwa, hivyo pikipiki iliyo nyuma ya nyingine hukingwa na upepo na kupata mwendo zaidi kwenye sehemu iliyonyooka. Mugello, ambako sehemu hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita moja, anayetoka kwenye kona ya mwisho akiongoza anaweza kufika kwenye breki akiwa wa nne au wa tano bila kufanya kosa lolote. Ndiyo maana vijana huzoea kupunguza mwendo katika mazoezi wakimsubiri mtu wa kumfuata, jambo la hatari linaloadhibiwa. Katika mbio za Doha mwaka 2021 kundi la waendeshaji wa Moto3 liliamriwa kuanzia kwenye njia ya gereji kwa kosa hilo. Mmoja wao alikuwa Pedro Acosta, na alishinda mbio hizo, lakini usimwonyeshe kijana wako tukio hilo kama mpango wa kazi. Mpe zoezi la kukimbia peke yake, mizunguko mitano bila mtu mbele, na umpime kwa hiyo. Anayekuwa na kasi akiwa nyuma ya mwenzake tu hana kasi yake mwenyewe, na Moto2 itamfichua.

Kuzungumza na fundi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi wenye kasi hukwama. Kuanzia JuniorGP kijana huzungukwa na mkuu wa mafundi, mhandisi wa data na mtaalamu wa shokapu, na wote hao humtegemea yeye awaambie pikipiki inafanya nini. Anayerudi gerejini na kusema "haigeuki" hajawapa chochote cha kufanyia kazi. Mfundishe aseme mahali, kitendo chake na jibu la pikipiki: "Kona ya 4, nimeshaachia breki na sijaanza kuongeza mafuta, mbele kunasukuma nje." Kwa sentensi hiyo fundi anajua kona gani aitazame na ni sehemu gani ya kona hiyo.

Baada ya hapo kompyuta hufunguliwa, na mstari wa breki wa kijana kwenye grafu huwekwa juu ya ule wa mwenzake wa timu. Mara nyingi kinachoonekana ni kwamba mwenzake alibana kwa nguvu zaidi mwanzoni na kuachia kwa mteremko mrefu, ilhali wake umepanda taratibu, ukakaa juu na kukatika ghafla kama ukuta. Ni lile somo la koni mbili, limerudi baada ya miaka sita. Asiyelijua wakati huo atataka shokapu zibadilishwe.

Lugha nayo ihesabiwe kama sehemu ya mazoezi. Gereji nyingi za Grand Prix huongea Kiingereza, Kihispania na Kiitaliano, na kijana asiyejua hata mojawapo atasubiri mtu amtafsirie hisia zake, zikimfikia fundi zikiwa nusu. Hiyo ni sababu moja ya kutomtoa mtoto shuleni. Nyingine ni kwamba mikataba husomwa.

Moto2, kisha MotoGP

Moto2 ilianza mwaka 2010, na tangu mwaka 2019 wote hutumia injini ya Triumph ya silinda tatu, cc 765. Nguvu yake ni zaidi ya mara mbili ya Moto3, na pikipiki ni nzito zaidi, hivyo mstari mpana wa duara unaolinda mwendo katikati ya kona, ambao kijana amejifunza kwa miaka, hautoshi tena. Sasa hulazimika kusimamisha pikipiki zaidi, kugeuka haraka na kuiinua mapema ili tairi la nyuma lishike wakati mafuta yanapoongezwa. Wengi huhitaji msimu mzima kubadilika, na anayebadilisha timu katikati ya msimu huo kwa hasira huanza somo upya. Ai Ogura, aliyepitia Asia Talent Cup, alitwaa ubingwa wa Moto2 mwaka 2024 katika msimu wake wa nne wa daraja hilo.

Je, inafaa kuiruka Moto2? Jack Miller aliiruka mwaka 2015 na akashinda mbio za MotoGP huko Assen mwaka uliofuata, kwenye mvua. Darryn Binder aliiruka mwaka 2022, akakaa MotoGP msimu mmoja, kisha akashuka Moto2. Mimi ningemshauri kijana asiiruke. Pikipiki za MotoGP ni za cc 1000, zitakazopungua hadi cc 850 kuanzia mwaka 2027, breki zake ni za kaboni, na Brad Binder alirekodiwa akienda kilomita 366.1 kwa saa huko Mugello mwaka 2023. Nafasi zenyewe ni 22 kwa dunia nzima, na timu haikai ikimsubiri mtu ajifunze.

Fedha na mikataba

Katika madaraja ya chini mwendeshaji ndiye anayeilipa timu, na hali hiyo huendelea juu kuliko watazamaji wanavyodhani, kwa kuwa hata Moto3 na Moto2 wapo wanaopata nafasi kwa sababu ya wadhamini wanaokuja nao. Kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi mambo haya: nani analipia pikipiki ikiharibika katika ajali, ni siku ngapi za mazoezi zimo kwenye bei, ni mafundi wangapi wanaokuhudumia wewe mwenyewe, na nini hutokea ukiumia katikati ya msimu. Timu isiyotaka kuandika jibu la swali la mwisho imeshakujibu. Meneja aliyelipwa kwa asilimia ya mapato huwa na sababu ya kukutafutia mapato, ilhali anayetaka ada kubwa kutoka kwa familia kabla hajaleta chochote achunguzwe vizuri.

Wakati wa kupanda, na wakati wa kubaki

Ushindi mmoja hautoshi kuamua. Chukua karatasi za muda za msimu mzima, uangalie mizunguko mitano ya mwisho ya kila mbio, tairi zikiwa zimechakaa, uilinganishe na mitano ya mwanzo, kisha uangalie mwenzake wa timu alifanya nini siku ileile. Kijana ambaye muda wake haurefuki sana, anayemaliza kwenye mvua kama kwenye jua, na ambaye anguko lake unaweza kulieleza sababu, yuko tayari. Mwenye mzunguko mmoja wa haraka na maanguko manane yasiyo na maelezo abaki mwaka mwingine, hata kama timu ya juu imempigia simu.

Aliyegonga kichwa asirudi kwa sababu ubingwa unaponyoka. Daktari asiye wa timu ndiye aamue, na mzazi amuunge mkono mbele ya watu.

Na anayefika Moto2 akakosa nafasi ya juu bado ana milango: Superbike, kazi ya kujaribu pikipiki kwa ajili ya kiwanda, na mbio ndefu za ubingwa wa dunia za EWC, ambako waendeshaji wawili au watatu hupokezana pikipiki moja. Johann Zarco, bingwa wa kwanza wa Rookies Cup mwaka 2007, alitwaa ubingwa wa Moto2 miaka ya 2015 na 2016, akaiacha timu yake ya MotoGP katikati ya msimu wa 2019, akarudi, na ushindi wake wa kwanza wa MotoGP aliupata Australia mwaka 2023 akiwa na miaka 33. Mwaka uliofuata alishinda pia mbio za saa nane za Suzuka, na mwaka 2025 akazishinda tena.